Firefox 115 kwenye Windows 7 ya ofisi yetu Tabora: linki za Outlook 2007 sasa zinafunguka

Leo asubuhi nimebofya linki kwenye imeili ikafunguka. Mwenye kompyuta mpya ataona ni jambo dogo ila sisi hapa ofisini tumekaa karibu miezi minne kila imeili yenye linki ikija inabidi niichukue ile anuani ndefuu niichape kwenye simu herufi moja moja, ukikosea nukta moja unaanza upya, na simu yenyewe kioo kina ufa pale pembeni kwaiyo herufi za mwisho huzioni vizuri. Sasa nimeona niandike yote kuhusu Firefox, hii brauza (programu ya kufungulia tovuti) tunayotumia, na kile kilichofanya ikubali, maana najua ofisi nyingi za huku bado zinatumia mashine kama yetu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki, ofisi ipo Isevya, chumba kimoja, nyuma tunapanga madumu ya asali mbele kuna meza, kompyuta na printa. Kompyuta ni ya mezani, tulinunua mtumba mwaka 2013, Windows 7, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, na ndani ina Outlook 2007, programu ya imeili. Najua kuna mtu atasema si muitupe tu hiyo Outlook mtumie Gmail kwenye simu. Sikia, imeili yetu ni ya POP, yaani barua zinashuka kutoka kwenye seva zinakuja kukaa kwenye mashine hii hii, ndani ya faili moja la PST. Humo kuna kila kitu tangu 2013. Oda za asali ya nyuki wadogo, majibu ya maabara, orodha ya wanakikundi wa Sikonge na Kaliua na idadi ya mizinga ya kila mmoja, barua tulizobishana na mnunuzi kuhusu bei msimu ule mvua zilivyochelewa. Na barua za mwenyekiti wetu wa kwanza zipo humo, ameshatangulia mbele za haki, alikuwa anaandika kwa herufi kubwa tupu na anamalizia kila barua kwa MUNGU AWABARIKI. Nikitaka kujua tulikubaliana nini na fulani mwaka 2016 natafuta jina kwenye Outlook na ndani ya sekunde naliona. Siachi programu hiyo kwa sababu tu imezeeka.

Tatizo lilianza hivi. Tulikuwa tunatumia Chrome, linki zote za kwenye imeili zilikuwa zinafungukia huko, hakuna shida. Kompyuta ikaanza kuwa nzito, tukamuita fundi mmoja (simtaji na wala sitaki mtu akamtafute), akasema Chrome inakula RAM, akaitoa, akasafisha safisha, akachukua elfu 15 akaondoka. Mashine kweli ikawa nyepesi. Kesho yake mnunuzi wetu wa Dar katuma imeili ina linki ya rasimu ya mkataba, nabofya, kinatokea kidirisha cha Kiingereza kinachosema kitendo hiki kimesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta hii, tafadhali wasiliana na msimamizi wa mfumo. Nikabofya tena. Kilekile. Nikafungua imeili nyingine ya zamani yenye linki, kilekile.

Jamani nlitetemeka. Vizuizi? Nani kaviweka? Mawazo yangu yalienda moja kwa moja kwamba tumedukuliwa, nikazima swichi ya ukutani kabisa nikakaa nje chini ya mwembe kama nusu saa nafikiria nitawaambia nini wanakikundi. Kama na wewe umekutana na ujumbe huo kwenye Outlook ya zamani, tulia, hakuna aliyekufungia kitu. Nitaeleza chini unatoka wapi.

Nikajaribu kutumia Internet Explorer iliyokuwemo humo. Kuifungua inafunguka, lakini kurasa nyingi za siku hizi haziji, unapata ukurasa mweupe au maandishi yamerundikana upande mmoja na vitufe havibonyezeki. Sio kosa lake, imeshamaliza muda wake, Microsoft wenyewe waliistaafisha rasmi tarehe 15 Juni 2022, na Windows 7 waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Januari 2020, kwaiyo watengenezaji wa tovuti wala hawaipimi tena. Na bado nikibofya linki kwenye Outlook kile kidirisha cha vizuizi kinarudi palepale. Nikaenda kwa fundi wa pili, huyu yupo upande wa sokoni, akaangalia dakika mbili akasema mama hii dawa yake ni kupiga fomati, tuweke Windows 10 na Office mpya, elfu 60. Nikamuuliza barua zangu? Akasema tutajaribu kuziokoa. Tutajaribu! Nikachukua CPU yangu nikaipakia kwenye bajaji nikarudi nayo.

Sasa kuhusu Firefox yenyewe.

Kuna kijana anafanya kazi steshenari ya jirani hapa, mtoto wa juzi juzi tu kamaliza chuo, anajua kompyuta na ana adabu. Akaja kuprinti kitu kwetu siku umeme umekatika upande wao, akakuta nahangaika na simu. "Shikamoo shangazi, mbona unachapa linki kwa mkono?" Nikamueleza yote. Akaniambia shangazi kwa Windows 7 tafuta Firefox 115 ile ya ESR, ndo ya mwisho inayokubali mashine hizi. ESR ni toleo ambalo Mozilla, wenye Firefox, wanalitunza muda mrefu, wanaliletea viraka vya usalama bila kubadilisha sura kila mwezi. Namba 115 ilitoka Julai 2023 na waliongeza muda wa kuihudumia mara kadhaa kwa ajili ya watu wa Windows 7 na 8. Chrome kwa Windows 7 iliishia namba 109, ya Januari 2023, baada ya hapo hamna kitu. Hiyo tu kwangu ilitosha kuchagua. Kati ya brauza iliyoachwa na brauza ambayo wenyewe waliendelea kuikumbuka, nachukua iliyokumbukwa.

Aliidaunlodi kwake akaniletea kwenye fleshi, faili zima haifiki MB 100, ukiwa nalo kwenye fleshi unainstoo bila intaneti kabisa. Ila hapa sikilizeni vizuri maana watu wanapeana mafaili ya zamani kwenye fleshi. Hakikisha yako ni 115.13 au zaidi. Kuna cheti cha ndani cha Mozilla kiliisha muda wake tarehe 14 Machi 2025, na Firefox zote za kabla ya 128, au kwa upande wa ESR kabla ya 115.13, viongezeo vyake (programu ndogo za kuiongezea kazi) vikaanza kukataa kufanya kazi. Sisi tuliyopewa mara ya kwanza ilikuwa 115 ya mwanzo mwanzo, akaiona kwenye Help halafu About Firefox, ikajiapdeti yenyewe pale pale kwa bando la simu yangu. Ukisahau hatua hii utaishia kuilaumu brauza bure.

Kwenye mashine yetu ya GB 2 ipoje? Kuwaka mara ya kwanza asubuhi inachukua muda, kama wa kumimina chai na kukoroga sukari, maana hadi diski yetu ni ile ya kuzunguka. Ikishawaka inaenda vizuri. Tabu (kurasa zilizofunguliwa pamoja kwenye dirisha moja) nne tano sawa, ukifika kumi Outlook inaanza kugoma kwaiyo nimejizoesha kufunga nisichotumia. Inafungua PDF yenyewe humo humo ndani, hiki nimekipenda mnooo, mikataba na majibu ya maabara yote ni PDF na ile programu ya PDF tuliyokuwa nayo ilikuwa inachukua dakika nzima kuamka. Tena Firefox inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti vya usalama, haitegemei ile ya Windows, ndo maana tovuti nyingine ambazo Internet Explorer ilikuwa inasema si salama huku zinafunguka kawaida tu. Nimeweka na kiongezeo cha uBlock Origin cha kuzuia matangazo, bando linakaa zaidi, kwa sisi tunaounga intaneti kutoka kwenye simu hiyo ni hela.

Video ndo sio mahali pake. Ukiweka video mashine inapumua kama mzee aliyepanda mlima. Kwa hilo natumia simu.

Haya, nikaweka Firefox, nikaingia Settings, upande wa General, nikabonyeza Make Default, ikasema sasa mimi ndo brauza kuu. Nikashangilia. Nikarudi Outlook nikabofya linki ya mnunuzi wa Dar... vizuizi! Kidirisha kilekile! Hapo nlitaka kulia kweli. Nikaingia na Control Panel, Default Programs, nikachagua Firefox kwenye orodha, nikabonyeza ile ya kuifanya iwe kuu kwa kila kitu, HTTP, HTTPS, htm, html (aina za linki na za kurasa za mtandao) zote zimewekewa tiki. Bado. Wiki nzima nikawa nakopi linki kutoka Outlook naibandika Firefox kwa mkono. Afadhali kuliko simu, lakini bado ni kazi, na zile linki zilizofichwa nyuma ya kitufe cha rangi ndo kabisa, inabidi ubonyeze panya upande wa kulia uchague kukopi anuani, na mhasibu wetu ni mama wa miaka 61, kila siku ananiita nimfanyie.

Yule kijana akarudi Jumamosi. Nikamwambia mwanangu hiyo brauza yako nzuri lakini Outlook haiitaki. Akakaa, akaangalia, halafu akanieleza kitu ambacho mafundi wawili hawakunieleza. "Shangazi, Outlook haifungui linki. Outlook inaipa Windows ile linki, Windows ndo inatafuta nani wa kuifungua. Kwaiyo ukihangaika ndani ya Outlook hutapata kitu, humo hamna sehemu ya kuchagua brauza."

Na ni kweli, nlikuwa nimepekua menyu zote za Outlook, Tools, Options, hadi Trust Center, nikitafuta neno brauza. Halipo.

Akafungua ile sehemu inaitwa rejista ya Windows, yaani daftari ambamo Windows inaandika mipangilio yake. Unabonyeza Start, unaandika regedit, unapiga Enter. Kwanza kabla hajagusa kitu akaenda File, Export, akahifadhi nakala kwenye fleshi, akaniambia huku ndani ukifuta kitu kisicho chako Windows inaweza isiwake kesho, kwaiyo nakala kwanza. Nlipenda sana hilo. Upande wa kushoto kuna makabati ya njano yamepangwa kama ngazi, akateremka HKEY_CURRENT_USER, Software, Classes, halafu juu kabisa kuna orodha ya majina yanayoanza na nukta. Akabofya .html. Kulia kukatokea mstari mmoja, Default, na mbele yake limeandikwa ChromeHTML.

"Unaona shangazi? Chrome ilitolewa ila jina lake limebaki mlangoni. Outlook ikiuliza nani anafungua kurasa za html, hapa inajibiwa ni Chrome. Inaenda kumtafuta Chrome hayupo. Ndo inakwambia vizuizi."

Nikaelewa palepale. Ni kama umeenda nyumba ambayo mpangaji kahama lakini jina lake bado liko ukutani, unagonga hakuna wa kuitikia, halafu mpita njia anakwambia hapa hawaruhusu wageni. Vizuizi gani, mtu kahama tu!

Akabofya mara mbili neno Default, akafuta ChromeHTML akaandika htmlfile, jina la kawaida la Windows kwa kurasa hizo, herufi ndogo, neno moja, OK. Akafanya hivo hivo kwenye .htm, kwenye .shtml na kwenye .xhtml, zote zilikuwa na jina la Chrome. Akafunga regedit, akafunga Outlook kabisa, akaifungua upya. Akaniambia haya shangazi bofya wewe.

Nikabofya ile linki ya Dar. Sekunde kama tatu hivi hakuna kitu, moyo ukaanza kwenda mbio, halafu Firefox ikaja mbele na mkataba ukafunguka. Ulikuwa umeshapitwa na wakati ule mkataba, ule tulishausaini kwa njia nyingine, lakini ulifunguka. Nikamuita mhasibu, naye akabofya ya kwake. Tukabofya linki kama sita mfululizo bila hata sababu. Kazi nzima, kuanzia kukaa mpaka kuinuka, haikufika dakika kumi. Kijana hakutaka hela, nikampa lita moja ya asali ya nyuki wadogo, na wale mnaojua bei ya asali hiyo mnajua sikumpa kitu kidogo.

Kwaiyo kama Chrome ilikuwa brauza kuu kwenye kompyuta yenye Outlook ya zamani na unataka kuitoa, usianze kwa kuitoa. Weka kwanza brauza mpya, ifanye kuu, hakikisha linki zinafunguka, ndo utoe Chrome. Na kama umeshaitoa na huna ujasiri wa kuingia regedit, kuna njia nyingine aliyonieleza, unairudisha Chrome, unaifanya kuu tena, halafu unahamisha ukuu kwenda Firefox wakati Chrome bado ipo, kisha ndo unaiondoa. Ndefu kidogo lakini hugusi rejista.

Kitu kimoja msichanganye. Kubadilisha brauza hakubadilishi imeili yenyewe inavyoonekana ndani ya Outlook. Mhasibu alifikiri sasa na zile imeili za matangazo zilizopinda pinda zitanyooka. Hapana, Outlook tangu toleo la 2007 inachora imeili kwa kutumia injini ya Word, haihusiani na Firefox hata kidogo. Imeili iliyopinda itabaki imepinda, ila ukibofya ile linki ya kuifungulia kwenye brauza utaiona imekaa sawa.

Halafu kwenye Firefox humo humo General kuna sehemu ya Tabs, weka tiki ile ya kufungua linki kwenye tabu badala ya dirisha jipya. Bila hivo unaweza kujikuta na madirisha saba na mashine ya GB 2 haitakuvumilia.

Jirani yetu mmoja wa ushirika wa tumbaku yeye anatumia Thunderbird ya zamani, programu nyingine ya imeili, na aliposikia habari hii akaja na shida inayofanana, yake linki zilikuwa zinaenda Internet Explorer tu hata ufanye nini. Thunderbird kidogo ni tofauti kwa sababu yenyewe inaweza kukumbuka chaguo lake. Kijana akaingia Options, Advanced, General, akafungua Config Editor, akatafuta network.protocol-handler.warn-external.http akaigeuza kuwa true, na ile ya https nayo hivo hivo. Baada ya hapo ukibofya linki Thunderbird inakuuliza unataka ifunguliwe na nani, unaonesha Firefox, unaweka tiki ya kukumbuka, imeisha. Hiyo haikuchukua hata dakika tano. Mwenye Windows XP na Outlook Express (programu yake ya imeili) atafute kwenye menyu ya Start ile Set Program Access and Defaults, achague Custom, brauza iko humo, lakini kwa XP Firefox iliishia 52 ESR na Windows yenyewe iliachwa tangu Aprili 2014, kwaiyo kwa kweli mwenye XP mimi simshauri kuingia nayo mtandaoni, aitumie kuandikia barua tu na kuprinti.

Na sisi wa Windows 7 pia hatuko salama asilimia mia. Firefox imekuwa ikipata viraka, Windows iliyo chini yake haipati. Ofisini tumekubaliana hivi: benki hatuingii kupitia kompyuta hiyo kabisa, ni simu ya mwenyekiti tu. Na kabla ya kubofya linki yoyote mhasibu amefundishwa kuweka mshale juu yake bila kubonyeza, Outlook inaonesha anuani halisi inakoelekea. Juzi ilikuja imeili imejifanya inatoka kwa mnunuzi wetu, jina sawa, salamu sawa, ukiweka mshale juu ya linki unaona anuani ya ajabu ajabu yenye tarakimu tupu. Mhasibu aliikamata yeye mwenyewe kabla yangu. Sasa linki zinapofunguka kirahisi na hatari nayo inafunguka kirahisi, hilo lazima mlijue.

Nyota nimeipa 4 kati ya 5. Imekosa moja kwa sababu ya ule uzito wa asubuhi, na kwa sababu nlipobonyeza Make Default ilinijibu tayari, wakati jina la mpangaji wa zamani lilikuwa bado lipo mlangoni. Mtu asiye na kijana kama yule wa jirani angeamini brauza ni mbovu akaitoa. Lakini kazi inafanya, haijawahi kujifunga yenyewe hata siku moja tangu tuiweke, na nimeacha kubeba kompyuta kwenye bajaji.

Kwa upande wa mafundi naomba niseme jambo moja kwa moyo mweupe. Sio kila tatizo ni fomati. Ofisi ndogo kama yetu kwenye hiyo mashine ndo kuna kumbukumbu zetu zote, mzee wa Sikonge mwenye mizinga 40 hana karatasi yoyote inayoonesha alituuzia kilo ngapi mwaka juzi zaidi ya ile imeili niliyomwandikia mnunuzi. Ukisema utajaribu kuokoa, unajaribu na hela ya yule mzee. Uliza kwanza ni nini kilitolewa na lini. Mimi ningeulizwa hivo ningejibu Chrome, wiki iliyopita, na ingekuwa imeisha siku ileile.

Sasa hivi nasubiri imeili ya maabara, majibu ya sampuli za asali tulizopeleka, wamesema yatakuja kwa linki kabla ya saa kumi. Firefox nimeshaiwasha, imekaa pale chini. Mhasibu kasema safari hii atabofya yeye.